Kituo Namba Tisa

Waliponiaga ofisini walinipa saa ya ukutani na keki iliyochorwa pampu, kisha kijana mmoja wa idara yetu akaniomba niandike machache kwa ajili ya wanaoanza kazi. Nadhani alitaka mawaidha. Mawaidha sina. Nilichonacho ni miaka mingi ya kupiga magoti mbele ya makabati ya umeme, na kazi moja ya Kariakoo ambayo hadi leo, nikitaka kuisimulia, huwa naangalia kwanza nani yuko chumbani.

Naitwa Zuhura. Kazi yangu ilikuwa kuziwezesha mashine kuzungumza. Kwenye kiwanda au jengo kubwa, kila pampu na kila mota ina kisanduku chake cha kuiongoza. Visanduku hivyo vinaunganishwa kwa kebo moja nyembamba inayopita kwenye vyote hadi kwenye kompyuta kuu ya mitambo, na kwenye kompyuta hiyo unachomeka kadi ya mawasiliano. Kadi ndiyo inayouliza, visanduku ndivyo vinavyojibu. Kila kimoja kina namba yake, sisi tunaita namba ya kituo. Kadi inaita namba moja, namba moja anaeleza hali yake, wengine wote kimya. Kisha namba mbili. Hakuna anayesema bila kuitwa, na hakuna anayemkatisha mwenzake. Mikutano yetu ya Jumatatu haijawahi kuufikia ustaarabu huo.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa kwa Mzee Mkude, kwenye kinu cha unga karibu na bandari. Nilikuwa nimevaa viatu vipya. Yeye alikuwa mweupe kuanzia nyusi hadi soksi, na hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa bisibisi ndogo ya bapa, akanionyesha safu ya waya kwenye kabati, akasema nikaze kila skrubu kisha nivute kila waya. Nikakaza, nikaangalia, nikamwambia tayari. Akaja, akavuta mmoja, ukachomoka ukabaki mkononi mwake.

"Usiuangalie," akasema. "Uvute."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya asubuhi ile. Mengine yalikuja taratibu, kati ya vipande vya mihogo ya kukaanga aliyoipenda kupita kiasi. Kwamba lazima uzime umeme kabla ya kuingiza kadi, kwa sababu kadi haina ugomvi na mtu, inakufa tu. Kwamba rizista, kile kipande kidogo cha kuzuia umeme, inafungwa kwenye ncha mbili za kebo na si mahali pengine popote, la sivyo sauti inagonga mwisho wa waya na kurudi kama mwangwi. Kwamba spidi ya kadi na spidi ya visanduku lazima zilingane, maana watu wawili wanaosema kwa kasi tofauti hawaelewani hata wakiwa ndugu. Alikuwa na tabia ya kukaa mbele ya kadi na kutazama taa zake mbili, ya kutuma na ya kupokea, kama wengine wanavyotazama mpira. Kutuma, kupokea. Kutuma, kupokea. Mdundo ukikosea hata kidogo alikuwa anaacha kutafuna.

Alistaafu, akabaki nyumbani kwake Ilala na miguu inayomuuma. Mimi nikaendelea. Nilifunga kadi kwenye viwanda vya sabuni, vya maji ya chupa, na kwenye lifti za maofisi pale Posta ambako kila bosi alitaka kujua kwa nini ofisi yake ndiyo inayokatiwa umeme kwanza. Kazi nyingi zilikwenda sawa na sina la kuzieleza.

Kisha tukaitwa Kariakoo.

Lilikuwa jengo la ghorofa, mtaa wa nyuma kidogo ya soko. Mwenyewe ni Bwana Salim, ambaye babu zake walitoka Arabuni na kuanza na kibanda cha kahawa na halua hapohapo. Besmenti ya jengo, ile ghorofa ya chini ya ardhi, ilijengwa iwe ya magari, lakini magari hayalipi kodi, kwa hiyo ilikatwakatwa kwa kuta za matofali ikawa stoo za wafanyabiashara. Ardhi ya pale maji yako karibu sana. Ndiyo maana kulikuwa na mashimo manne yenye pampu nne zinazoyanyonya usiku na mchana. Mlinzi ndiye aliyekuwa akishuka kuzikagua, na mlinzi amechoka. Bwana Salim alitaka akae ofisini kwake juu aone kwenye skrini maji yamefika wapi.

Nilianza asubuhi ya masika, mvua imepumzika lakini mawingu bado yameinamia mapaa. Kompyuta kuu ilikuwa kwenye kabati ofisini. Nikazima umeme, nikaingiza kadi kwenye nafasi yake, nikaibana. Kwa kebo nilikuwa na bahati, au hivyo ndivyo nilivyofikiri: kwenye bomba la ukutani nilikuta kebo ya zamani inayoshuka hadi besmenti na kupita kwenye mashimo yote. Mlinzi aliniambia iliwekwa zamani na fundi mmoja mrefu anayekula mihogo. Nikacheka peke yangu. Nikaipima, ilikuwa nzima, nikaamua kuitumia. Nikaziunganisha pampu zote nne, nikavuta kila waya, nikazipa namba moja hadi nne, nikarudi juu, nikawasha, nikapanga spidi.

Nina mazoea, na nawasihi muwe nayo, ya kuiambia kadi iite namba zote kwenye mstari hata zile ambazo najua hazipo. Ukiita namba isiyo na mtu, taa ya kutuma inawaka, ya kupokea inabaki giza, kadi inangoja kidogo kisha inaendelea. Ikaita moja, mbili, tatu, nne, zote zikajibu papo hapo. Tano, kimya. Sita, saba, nane, kimya. Ikaita tisa.

Taa ya kutuma iliwaka. Giza. Kadi ilikuwa karibu kabisa kukata tamaa ndipo taa ya kupokea ikawaka, mara moja, na kwenye kompyuta ikatokea namba. Sitini na kitu.

Nikaita tena. Ikajibu tena, kwa uvivu uleule, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha ndani kabisa. Nikaongeza muda wa kadi kungoja. Hapo jibu likachelewa zaidi, likaja ukingoni mwa ule muda mpya. Nikaongeza tena. Likachelewa tena. Sikuipenda hali hiyo. Chombo hakijui unakingoja kwa muda gani.

Nikashuka. Besmenti ile, ukiacha ngazi nyuma, kelele zote za Kariakoo zinabaki juu yako. Unasikia vipaza sauti vya wauza dawa za panya kama vile vimefunikwa blanketi, na nyayo za watu, nyingi, bila kukoma. Nilifuata kebo kwa tochi. Baada ya pampu ya nne haikuishia pale nilipofikiri. Ilipinda, ikaingia kwenye ukuta wa matofali, na upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na stoo ya Mama Ndeshi.

Mama Ndeshi ni mtu wa Kilimanjaro, mwuzaji wa jumla wa vitenge na mashuka, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Alinikaribisha chai. Stoo yake ilijaa marobota hadi karibu na dari, na katikati alikuwa na meza yake, na wafanyakazi wake watatu wanafungua na kufunga. Nikamwuliza kama kuna kifaa chochote cha umeme mle. Akasema hakuna zaidi ya taa na feni, ila sakafu pale kwenye meza huwa ni ya baridi, naye miguu yake inavimba, kwa hiyo inamfaa.

Nilirudi kwenye paneli ya besmenti nikamwomba mlinzi azime umeme wote wa chini. Pampu zikanyamaza. Taa zikazimika, Mama Ndeshi akauliza kwa utulivu kama ni mimi. Nikapanda haraka ofisini, ambako umeme haukuwa umezimwa. Nikaita moja. Kimya. Mbili, tatu, nne, kimya, kama inavyotakiwa. Nikakaa kidogo mkono ukiwa kwenye meza kabla ya kuita tisa.

Ikajibu. Na safari hii haikuchelewa.

Namba ilikuwa imeshuka kidogo. Nikajituliza kwa hilo. Nilijiambia kuna kisanduku cha zamani mahali fulani chenye umeme wake wenyewe, kinapima kina cha maji, na maji yanapungua, basi ni heri. Nikawasha umeme, nikampigia Mzee Mkude, simu haikupokewa. Nikaenda nyumbani. Mvua ikaanza nikiwa sijafika Mnazi Mmoja, na ilinyesha hadi alfajiri.

Asubuhi nilipofika ofisini kwa Bwana Salim pampu zote nne zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Namba tisa ilikuwa chini ya arobaini. Nilikuwa bado naitazama Mzee alipopiga simu. Tukasalimiana, nikamweleza kwamba nimekuta kebo yake Kariakoo na kwamba kuna kituo cha tisa kinachojibu. Nikasikia akiacha kutafuna.

"Inapanda au inashuka?"

"Inashuka, Mzee. Nafikiri maji yanapungua."

"Zuhura, hiyo namba si kina cha maji. Sensa ile, kipimio chake, niliifunga juu, inatazama chini. Inapima nafasi iliyobaki kati ya maji na sakafu, kwa sentimita."

Nikageuka tena kwenye kompyuta. Thelathini na kitu.

Akanieleza, polepole, huku akipumua kwa shida. Zamani kulikuwa na shimo la tano, na kisanduku chake alikipa namba tisa. Marehemu baba yake Bwana Salim alitaka nafasi ya stoo, akaamuru pampu ile iondolewe na shimo lifunikwe. Mwashi aliweka mbao, akamwaga zege jembamba juu yake, na ukuta ukapanda siku hiyohiyo. Mzee alitoa pampu. Kisanduku na sensa vilibaki ndani kwa sababu mwashi alikuwa anamsukuma kwa haraka.

"Na lingine," akasema. "Umeme wake niliukata mwenyewe. Kwa mkono wangu. Hakiwezi kukujibu."

Nikamwambia kinajibu hivi sasa, naitazama namba yake. Akasema anakuja.

Alikuja kwa bajaji, na fimbo, amevaa shati lililopigwa pasi kama mtu anayekwenda msibani. Kabla hajafika nilikuwa nimeshamweleza Bwana Salim. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza, kwa haki kabisa, atawaambiaje wapangaji watoke kwa sababu ya kifaa ambacho fundi mwenyewe anasema hakina umeme. Mzee Mkude alipoingia, Bwana Salim alimwamkia, akampa kiti, kisha wakazungumza kwa sauti ya chini kuhusu marehemu baba yake na siku ya ule ukuta. Sikusikia yote. Nilichoona ni Bwana Salim akivua kofia yake, akaiweka mezani, akaniuliza nani yuko juu ya shimo.

Tukashuka sisi wawili. Mzee alikataa kushuka. Alisema ngazi zinamwumiza, na huenda ilikuwa kweli.

Mama Ndeshi hakutaka kusikia. Mzigo wake kutoka bandarini ulikuwa njiani, wateja wa Morogoro wamekaa kwenye basi, na sakafu hiyo ameikalia miaka. Bwana Salim alimwomba, akamsihi, akaanza kukasirika. Sikuona faida ya kubishana. Nilimwambia tu, mama, njoo juu na mimi uone kitu, chai yako haitapoa. Akaja kwa shingo upande, akipumzika kila ngazi chache.

Ofisini nilimweka mbele ya skrini. Safu ya kwanza pampu moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Chini kabisa namba tisa, ambayo sikuwa nimeiandikia jina. Ilikuwa ishirini na kitu. Tukaitazama. Kadi ikaita, ikangoja, ikajibiwa, namba ikapungua. Ikaita tena. Ikapungua.

"Na hii ya chini ni ya nani?" akauliza.

"Ya chini yako, mama. Chini ya meza yako."

Akaushika msalaba wake mdogo kifuani. Kisha akainuka, akashuka zile ngazi bila kupumzika hata mara moja. Nilimfuata nikihofu ataanguka. Aliwaita wafanyakazi wake kwa majina, kwa sauti yake ileile ndogo, akawaambia waache walichoshika, wasibebe chochote, watoke. Mmoja alitaka kurudia simu yake kwenye meza. Akamshika mkono akamvuta kama mtoto. Bwana Salim akawatoa wapangaji wengine wa upande ule. Tukafunga geti la besmenti, tukabaki juu barabarani na watu wanatuuliza kuna nini.

Nilirudi ofisini kwa Mzee. Alikuwa amesogeza kiti chake karibu na kabati, anatazama taa za kadi kama zamani. Nilimwuliza kama inawezekana ni betri. Akasema betri ya kisanduku kile ni ya kutunzia saa tu, haina nguvu ya kusukuma hata neno moja kwenye waya, na tangu enzi hizo ingekuwa imeshakufa na kuoza. Nikamwuliza kama waya mwingine unaweza kuwa unakigusa, kikapata umeme kwa bahati. Akasema labda. Neno hilo alilisema kwa upole mwingi, kama unavyomjibu mgonjwa. Nikaona jasho kwenye paji la uso wake, na ofisi ile ina kiyoyozi.

Bwana Salim na watu wake walikuwa wamekwenda kuswali alasiri. Namba ilikuwa imefika chini ya kumi. Ikaja tano. Mzee akaweka fimbo yake chini. Ikaja mbili. Kadi ikaita tisa, na kama jana yake umeme ulipozimwa, jibu lilikuja mara moja, pap, kama pampu zingine. Sifuri. Ikaita tena. Sifuri. Ikaita tena, na taa ya kupokea haikuwaka.

Sauti ilitufikia baada ya hapo. Sikusikia kishindo. Ilikuwa kama mtu mkubwa anashusha pumzi, kisha vitu vizito vinateleza taratibu, vingi, kwa muda mrefu. Zile nyayo zote za mtaani zilisimama. Ni mara pekee maishani mwangu nimeisikia Kariakoo ikiwa kimya mchana.

Hakuna aliyeumia. Stoo ya Mama Ndeshi ilikuwa na shimo katikati ambalo lori dogo lingeingia, na ndani yake meza, feni, na marobota yanayoelea kwenye maji meusi. Wataalamu wa majengo walikuja, wakasema mchanga ulikuwa umeliwa na maji pande zote za shimo la zamani, na kilichokuwa kimeshikilia watu ni zege la mwashi na mbao zilizooza. Nguzo za jengo zilikuwa salama. Pampu ya kukodi iliyakausha maji, na siku iliyofuata asubuhi nilishuka kwa ngazi ya chuma kutafuta kile kisanduku. Mzee Mkude safari hii alishuka besmenti, akasimama ukingoni, Bwana Salim akimshika kwapa.

Nilikikuta kwenye ukuta wa shimo, chini kabisa, mahali ambapo kwa jinsi alama za maji zilivyoonyesha palikuwa pamezama miaka yote. Nilikifungua. Kilijaa tope tupu. Ubao wa ndani ulikuwa umeliwa na kutu hadi ukabaki kama kipande cha keki iliyomong'onyoka. Waya mbili za mawasiliano zilikuwa bado zimekazwa, nilizivuta hazikutoka. Waya za umeme zilikuwa zimekatwa, ncha zake zimeviringishwa utepe wa njano. Niliweka mita. Hakuna kitu. Nikazipandisha juu ili Mzee azione.

"Utepe ni wangu," akasema. Alipelekwa nyumbani, na tulipozungumza tena miezi kadhaa baadaye tulizungumza kuhusu miguu yake.

Vijana wa ofisini mna maelezo, nimeyasikia. Waya uliopoteza ngozi, mwangwi kwenye kebo, kituo kimoja kilichopewa namba mbili tofauti. Nimeyajaribu yote mezani, kwa kadi ileile na kebo ileile. Mwangwi hauhesabu kwenda chini. Atakayepata jibu aniletee, nitamkaribisha chai na nitamsikiliza hadi mwisho.

Asubuhi ile nilikuwa bado ndani ya shimo, nakusanya vyombo vyangu, Mama Ndeshi alipokuja kuangalia mali yake. Alisimama ukingoni amevaa mabuti ya mvua. Aliyatazama marobota yaliyolowa, akatazama meza yake imelala ubavu kwenye tope, mahali ambapo miguu yake ilikuwa ikipata baridi. Kisha akanitazama mimi.

"Fundi," akasema, "huyo aliyekuwa anakujibu. Umemshukuru?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anangoja, mikono ameikunja, kama mama anayengoja mtoto aamkie wageni. Bwana Salim naye alikuwa nyuma yake, na hakucheka.

Niligeuka nikautazama ule ukuta wenye unyevu na matundu manne ya skrubu nilipokuwa nimekibandua kisanduku. Nikasema asante. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwambia mtu aliyekupisha mlangoni. Maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani nyuma yangu, tone baada ya tone, na nilipomaliza kusema yakaacha. Nikangoja. Mama Ndeshi akangoja. Kisha akaninyooshea mkono wake, nikaushika, akanivuta juu.